Akili ya Mtoto na Mzigo wa Nyumbani

Katika lugha yetu neno "mjinga" limedhulumiwa. Zamani, katika njia za misafara iliyotoka pwani kwenda bara, mjinga alikuwa mtu mgeni, aliyefika karibuni, ambaye bado hajazijua njia, desturi wala hila za mahali alipofika. Hapakuwa na fedheha kubwa katika kuitwa hivyo, maana kila mtu huwa mgeni mahali fulani, na ugeni una mwisho wake. Mpumbavu alikuwa mtu mwingine kabisa. Leo tumeyachanganya maneno hayo mawili, na mtoto anayekawia kujibu swali la mwalimu huitwa mjinga kana kwamba mwisho wake tumekwisha kuuona. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi katika shule za sekondari zilizo chini ya Mlima Meru, nami nakiri mbele ya walimu wenzangu na mbele ya wanafunzi watakaosoma kurasa hizi kwamba neno hilo nimelitumia vibaya mara nyingi. Mara moja kati ya hizo ndiyo iliyonisukuma kuandika insha hii.

Mwaka 2001 nilikuwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Pili katika shule moja ya kutwa, mashariki ya mji wa Arusha, upande wa mlimani. Katika darasa lile alikuwamo kijana wa miaka 16 hivi, mrefu, mpole, aliyeketi dawati la mwisho karibu na dirisha. Jina lake sitalitaja. Kipindi cha kwanza alikuwa akisinzia. Nilipomwita ubaoni alisimama na chaki mkononi, akaukodolea macho ubao, kisha akarudi kuketi bila ya kuandika hata tarakimu moja. Wenzake walimwita "Mirembe", kwa jina la hospitali ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, jina ambalo katika nchi yetu limegeuzwa kuwa tusi, ilhali ni jina la mahali pa kutibiwa. Mimi niliyasikia maneno hayo wala sikuyakemea. Tena kijana huyo alikosa shule kila Jumatano. Katika daftari la mahudhurio nilimwandika mtoro, na katika taarifa ya maendeleo iliyopelekwa kwa mzazi niliandika maneno manne ambayo hata leo nayakumbuka: "Uwezo wake ni mdogo."

Ikatokea Jumatano moja nikatumwa katika soko la Tengeru kununua maharage ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Asiyelijua soko lile na ajue kwamba Jumatano na Jumamosi hukusanyika hapo watu kutoka vijiji vyote vya mteremko wa kusini wa Meru, na ndizi hushushwa kwa mamia ya mikungu. Kati ya wapagazi nilimwona mwanafunzi wangu, amejitwika mkungu begani na mwingine ameushika mkononi. Mama mmoja mchuuzi alikuwa akimwuliza hesabu: mikungu 14 kwa shilingi 850 kila mmoja, na mingine 9 kwa shilingi 600. "Ni 17,300, mama," kijana akajibu, nami mwalimu wa hisabati nilikuwa bado nazidisha kichwani. Akageuka akaniona. Akaamkia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akainamisha uso chini kama mtu aliyefumaniwa katika wizi.

Siku iliyofuata sikumwita ofisini. Nilimwomba tuongozane hadi kwao. Njiani, tulipokwisha kuliacha Ziwa Duluti nyuma yetu na kuanza kupanda, alianza kusema kidogo kidogo. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa. Bei ilipoanguka aliuza sehemu ya kihamba, kisha akaenda Mererani kutafuta tanzanaiti, na mwaka wa pili ulikuwa unapita bila ya habari zake. Mama alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Wadogo zake walikuwa watatu. Fedha ya Jumatano na ya Jumamosi ndiyo iliyonunua unga, sabuni na dawa, na iliyobaki ilikwenda kwenye karo, maana wakati huo karo ya sekondari ilikuwa bado inalipwa. Jioni alikata majani ya ng'ombe. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa kazi. "Mwalimu," aliniambia, "nikilala naona deni. Nikiamka sioni sababu ya kuamka."

Nyumbani tulipokewa na bibi yake. Baada ya salamu na kikombe cha maziwa alisema, "Mwalimu, mjukuu wangu huyu si mvivu. Lakini siku hizi haimbi hata akikata majani, wala chakula hakimalizi." Kisha akaniletea ile taarifa yangu, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Bibi hakujua kusoma. Kijana mwenyewe ndiye aliyemsomea. Alikuwa amesimama mbele ya mama yake mgonjwa na wadogo zake, akayatamka maneno yangu manne kwa sauti yake mwenyewe. Tangu siku hiyo, bibi alisema, hakufungua tena daftari nyumbani.

Ndugu msomaji, nimetafakari jambo hili kwa zaidi ya miaka 20, na ninaloliona ni hili: akili tunayoipima darasani si akili yote ya mtoto. Ni ile iliyosalia baada ya njaa, hofu na kukosa usingizi kuchukua fungu lao. Mwalimu anayepima salio hilo na kuliita kipaji hukosea hesabu, na kosa lake laweza kumfanya mtoto mgonjwa.

Tuanze na umaskini wenyewe, maana wako wanaodhani kwamba nyumba maskini ni nyumba ya wavivu. Udongo wa Mlima Meru ni udongo wa volkano, wenye rutuba ambayo mikoa mingi ya nchi yetu huitamani. Lakini tangu utawala wa Wajerumani ardhi iliyo chini ya mteremko iligawiwa walowezi, na Wameru na Waarusha wakabanwa kati ya msitu juu na mashamba ya wageni chini. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na nyumba zao zikachomwa moto. Tangu hapo kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata leo wengine wanarithi migomba michache na mahali pa kujenga. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei iliporomoka, na mwaka 2001 ilishuka tena hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 30. Mkulima wa Meru hakukaa katika mkutano wowote ulioamua bei hiyo. Basi kijana aliyesinzia darasani kwangu alikuwa amebeba mabegani mambo ya London na New York pamoja na ile mikungu ya ndizi.

Sasa tuitazame akili. Mkulima yeyote wa hapa anajua kwamba machipukizi mawili ya shina moja la mgomba, moja likipandwa karibu na zizi lenye samadi na jingine likipandwa penye mawe, hayatazaa mkungu wa namna moja. Hakuna anayelilaumu lile la mawe kwa kuwa na asili mbaya. Kwa watoto wetu, hata hivyo, tunasahau elimu hiyo ya shambani na kusema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni kweli kwamba binadamu huzaliwa na tofauti. Lakini ubongo hujengwa kwa chakula. Mama aliyekosa madini joto wakati wa ujauzito aweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake umedhurika kabla hajaiona nuru. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 serikali yetu iliagiza chumvi itiwe madini hayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hao ndio watakaoketi mbele yetu, nasi tutawauliza kwa nini wanakawia kuelewa.

Hali kadhalika vipimo vyenyewe vina walakini. Alfred Binet, Mfaransa aliyetunga kipimo cha akili cha mwaka 1905, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Hakukusudia kuwahukumu maisha. Wataalamu waliofanya kazi karibu na Bagamoyo, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002, waliwapima mamia ya watoto wa shule za msingi, kisha wakawafundisha kwa muda mfupi tu, chini ya saa moja, namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, na kuwapima tena. Alama zilipanda. Hao ndio wajinga kwa maana ya zamani: walikuwa wageni wa kipimo, na ugeni ulipopungua akili ikaonekana. Huko Usenge nchini Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto waliozijua sana dawa za miti za kwao mara nyingi ndio waliopata alama za chini katika majaribio ya shule. Je, watoto hao hawana akili? La hasha! Akili yao ilikuwa imetumwa mahali ambapo jamaa zao waliihitaji, kama vile ya mwanafunzi wangu ilivyotumwa Tengeru.

Wasiwasi wenyewe pia hula akili. Huko India wataalamu waliwapima wakulima wa miwa kabla ya mavuno, wakati mfuko ni mtupu, na kuwapima tena baada ya kulipwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Mkulima yule yule alijibu vizuri zaidi baada ya kulipwa. Hakuongezewa kipaji kwa miezi michache, alipunguziwa hofu. Ikiwa mtu mzima hupungukiwa hivyo kwa ajili ya deni, sembuse kijana wa miaka 16 anayewalisha watu watano?

Hapo ndipo tunapofika kwenye ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 49 hao ni saba, yaani karibu safu nzima ya madawati. Mojawapo ya maradhi hayo ni huzuni kuu ambayo wataalamu wetu wanaiita sonona. Mgonjwa hapigi kelele wala hararui nguo, na kwa hiyo hatumwoni. Hupoteza usingizi, hamu ya chakula na furaha ya mambo aliyoyapenda. Husahau, hushindwa kukaza fikira, hujiona hana thamani, na wengine hutamani kufa. Tazama basi jinsi dalili hizo zinavyofanana na yale tunayoyaandika katika taarifa: hasikilizi, ni mzito, ni mvivu, hajali. Hivyo duara baya hukamilika. Umaskini huleta huzuni, huzuni hushusha alama, alama huleta jina baya, na jina baya huongeza huzuni.

Nisieleweke kwamba maradhi haya ni ya maskini pekee. Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi nilimfundisha kijana kutoka mjini Arusha, aliyeletwa shuleni kwa gari, ambaye nyumbani kwao hawakupungukiwa na kitu. Alikuwa wa pili darasani, na kwa baba yake kuwa wa pili kulikuwa ni kushindwa. Alianza kutapika kila asubuhi ya mtihani. Watoto wa nyumba zenye dhiki wamo katika hatari kubwa zaidi, lakini mzigo wa matarajio nao ni mzigo. Aliyesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa alisema kweli. Na mwenye njaa naye asidhani kwamba shibe huponya kila kitu.

Utamaduni wetu una neno gani katika jambo hili? Miongoni mwa Waarusha na Wameru kijana hakukua peke yake. Alikuwa na rika lake, na aibu ya mmoja ilikuwa aibu ya rika zima. Walikuwapo pia wazee wa ukoo, ambao Wameru waliwaita washili, wenye wajibu wa kusikiliza mashauri ya watu wao. Watu walipofukuzwa Engare Nanyuki hawakujifungia kila mmoja nyumbani kwake na kulia. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akaieleza dunia habari zao. Ardhi haikurudi kwa safari hiyo, lakini machungu yalikuwa yamebebwa na wengi. Naamini kwamba dhiki inayotajwa hadharani na kubebwa pamoja huwatia watu nguvu, na dhiki ile ile ikifichwa na mmoja humwangusha. Shule tulizozijenga zimewaleta vijana pamoja, lakini tumewapanga kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, nao wamejifunza kuficha.

Walakini si haki kuyasifu ya zamani bila ya kipimo. Mila hizo hizo ziliuita ugonjwa wa akili laana, zikamficha mgonjwa nyuma ya nyumba na kuwanyima ndugu zake wachumba. Hilo tulitupe. Mficha maradhi kilio humuumbua. Taifa letu limekwisha kupiga hatua: tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, tangu mwaka 2016 karo ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne imefutwa katika shule za serikali, na katika muongo huo huo walimu wa sekondari wa eneo la Arusha walipewa mafunzo juu ya afya ya akili ya vijana, ikaonekana kwamba maarifa yao yaliongezeka na dharau yao kwa wagonjwa ikapungua. Nchini Kenya uchunguzi juu ya fedha za ruzuku wanazopewa walezi wa yatima ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua kwa vijana wa kiume wa nyumba hizo. Maana yake ni kwamba dawa nyingine ya ugonjwa huu ni unga ndani ya debe.

Kwa walimu wenzangu nina maneno machache. Kabla ya kuandika neno juu ya uwezo wa mtoto, tuulize amelala saa ngapi, amekula nini na nani yuko nyumbani. Daftari la mahudhurio tulisome kama barua: siku ile ile ikirudi kila wiki, ina habari ndani yake. Tuandike alichokifanya mtoto, tusiandike alivyo. Na mwanafunzi akitaja kutamani kufa tusimpe hotuba wala fimbo. Tukae naye, tusimwache peke yake, tuwaarifu walezi wake, tumfikishe hospitali. Nanyi vijana, mkimwona mwenzenu amenyamaza kwa majuma, amewaachia vitu vyake au haonekani tena uwanjani, mwambieni mtu mzima mnayemwamini. Huko si kumchongea. Na wewe unayesoma haya huku moyo wako ukiwa mzito, jua kwamba hali hiyo ina jina, ina matibabu, na si kipimo cha akili yako.

Yule kijana tulimpeleka hospitali, mimi na bibi yake. Muuguzi mmoja alimsikiliza kwa zaidi ya saa moja, jambo ambalo sisi walimu wake hatukuwa tumelifanya kwa miaka miwili. Alipewa matibabu, akarudi mara kwa mara kuonwa. Shule ilikubali alipe karo kidogo kidogo, na masomo ya Jumatano niliyarudia naye Alhamisi jioni. Sitasema alipata daraja la kwanza, kwa kuwa hakulipata. Alimaliza Kidato cha Nne kwa daraja la tatu, akajifunza ufundi wa magari, na sasa ana gereji yake upande wa Usa River. Ugonjwa umemrudia mara mbili, na mara zote mbili alizitambua dalili mwenyewe akaenda kutibiwa mapema.

Taarifa ile niliiomba kwa bibi nikaichana mbele yake, nikaandika nyingine, na safari hii niliisoma mwenyewe kwa sauti, kijana akiwa ameketi. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilijifunza kwamba hata mwalimu aliyekauka hukunjika. Katika nyumba ile ya mteremko wa Meru mgeni asiyezijua njia wala desturi za mahali alipofika nilikuwa mimi. Mjinga, kwa maana yake ya zamani, nilikuwa mimi.